Kiganja Juu ya Shimo la Ndizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kokushubila aliteka maji, akamwashia bibi yake moto, kisha akapita kibanjani, shamba lao dogo la migomba, kukata majani makavu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Ukimwi, ambao enzi hizo watu wengi wa kijiji cha Ngenge waliogopa hata kuutaja, ulikuwa umewachukua baba na mama yake. Alibaki na Bibi Bernadina na ile migomba.

"Ndizi zao msile," baadhi ya majirani waliwaonya watoto wao. "Nyumba ile ina ugonjwa."

Kwa hiyo Mama Petronila, mchuuzi aliyewapelekea chakula wavuvi wa visiwani, alipokubali kuchukua ndizi zao mbivu siku ya gulio, Kokushubila aliazimia kufanya kazi hiyo vizuri.

Yeye na Bibi walichimba shimo la kuivishia ndizi, wakalipasha moto, wakalitandika majani ya migomba, wakapanga ndizi na kulifunika kwa majani na udongo.

"Sasa usifukue," Bibi alisema. "Ndizi zikiiva hutoa joto. Weka kiganja hapa juu. Pakiwa baridi, ngoja. Pakipata joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, zinaiva. Joto likianza kushuka, ndipo ufungue."

Lakini Kokushubila hakuwa na subira. Kila akitoka shule alifukua pembeni, akachungulia. Siku ya gulio ilipofika, shimo lilikuwa baridi na ndizi karibu zote zilikuwa bado kijani.

"Hizi chache za njano zipange juu kwenye tenga, za kijani ziwe chini," rafiki yake Immakulata alimshauri. "Mama Petronila atagundua akiwa ziwani."

Kokushubila alizitazama. Kisha akaenda gulioni mikono mitupu.

"Shikamoo, mama. Ndizi hazijaiva. Bibi alinikataza kufukua shimo, nami nikalifukua. Joto lote likatoka."

"Marahaba," Mama Petronila alijibu, akimtazama sana. "Boti hainingoji. Gulio lijalo utakuwa nazo?"

"Nitakuwa nazo, waitu," alijibu kwa neno la heshima la kwao.

Walilipasha shimo moto upya, wakapanga ndizi tena na kulifunika. Safari hii, hata mikono ilipomwasha kutaka kufukua, Kokushubila aliweka kiganja tu. Baridi. Kesho yake, baridi. Kisha alfajiri moja akapiga kelele, "Bibi, pana joto!" Hata hapo hakufukua. Alingoja mpaka joto likaanza kushuka.

"Una hakika?" Bibi aliuliza.

"Nina hakika."

"Basi mimi siweki kiganja. Fungua."

Harufu tamu ilijaa uani. Ndizi zilikuwa za njano, toka kikonyo hadi ncha.

Gulioni, jirani yao Zuena alimvuta Mama Petronila kando. "Mama, hizo ndizi zinatoka nyumba ile..."

Mama Petronila alimenya ndizi moja mbele ya watu, wakubwa kwa watoto, akaila yote.

"Ukimwi hauambukizwi kwa kula ndizi, wala kwa kushikana mikono," alisema. "Mimi namwogopa mwongo, maana hujui ameficha nini chini kwenye tenga. Mtoto huyu alikosea, akaniambia ukweli, kisha akarudi kazini mpaka kazi ikakamilika. Watoto, nanyi fanyeni hivyo."

Zuena aliinamisha kichwa. Baadaye akanyoosha mkono.

"Kokushubila, mwanangu," alisema taratibu, "nipe na mimi kichane kimoja, nikawape watoto."