Taa za Mtini Bila Ngazi

Mwoka mikate alirudi nyumbani asubuhi, unga ukiwa bado kwenye nyusi. Siku nyingine angelala. Lakini sikukuu ilikuwa kesho, na mti wa uani ulikuwa bado haujapambwa.

Mti huo uko mbele ya dirisha la mama yake. Miguu ya mama haimbebi tena, na kutwa nzima yuko kitandani, akitazama nje. Kwa ajili yake, kila mwaka mwoka mikate hupanda ngazi na kuuvika mti taa. Mwaka jana ngazi iliteleza, akaangukia bega. Mpaka leo bega linamsumbua akibeba magunia ya unga.

"Mwaka huu hupandi," alisema mkewe.

"Nani kasema?"

"Mimi. Nina mgonjwa mmoja ndani. Wa pili simtaki."

"Mwanaume mzima nishindwe na mti?"

Akapanda. Tusimlaumu sana, alimpenda mama yake mno. Mkewe akashika ngazi kwa mikono miwili. Mwoka mikate alizungusha taa kutoka chini kwenda juu, matawi yakimchoma usoni. Alipofika juu, akatazama mkononi. Alikuwa ameshika plagi!

Plagi juu ya mti, na soketi iko ndani ya nyumba.

Mkewe aliangua kicheko. Mara ngazi ikatikisika, na kicheko kikakatika.

"Shuka, baba watoto," alisema. "Nakuomba, shuka."

Akashuka, uso umemshuka pia.

Jirani yao, mwanamke fundi wa kupaka rangi nyumba, alikuwa akichungulia juu ya ua.

"Shemeji, umewavutia ndege umeme?"

"Cheka tu, jirani."

"Sikucheki. Mimi napaka kuta ndefu kuliko mti huo, na ngazi naikwepa nikiweza. Nisubirini."

Alirudi na mpini mrefu wa mbao, ule wa rola yake ya rangi. Akakata kichwa cha hanga ya plastiki ya kutundikia nguo, akakifunga kwa utepe kwenye ncha ya mpini. Ndoano ikawa tayari. Kabla ya kuuinua, alitazama juu.

"Nyaya za umeme za barabarani zingepita hapa, tusingeinua kitu. Hakuna. Haya, tuzishushe taa."

Taa ziliposhuka, hakuruhusu zipandishwe tena haraka.

"Kwanza ziwasheni zikiwa hapa chini."

Wakachomeka plagi. Nusu ya taa hazikuwaka.

"Kumbe nilipanda bure!" alisema mwoka mikate.

Wakachomoa, wakabadilisha glopu moja iliyoungua, wakachomeka tena, zote zikawaka. Fundi rangi akachomoa tena, akakagua waya kama umechubuka, akasoma boksi kuhakikisha taa ni za kutumika nje, zisizoogopa mvua.

"Sasa anzeni na upande wa plagi. Ubaki chini, karibu na nyumba. Zungusheni shinani bila kukaza, mti nao unakua. Huko juu tumieni ndoano."

Mke aliachia waya kidogo kidogo. Mume aliunasa kwa ndoano, akauweka juu ya tawi, miguu yake ikiwa imara ardhini.

"Nyuma pia?" aliuliza.

"Nyuma nani anaona? Pambeni upande wa dirisha."

Hapo sauti ilitoka dirishani. "Kushoto kidogo, mwanangu! Hapo pana pengo!"

Wote wakageuka. Mama alikuwa ameketi, anaamrisha kama msimamizi wa ujenzi. Kazi ikawa tamu.

Waya wa kuongezea urefu waliuinua juu ya matofali, chini ya paa, ili maungio yasilowe. Plagi ikaingia ndani, kwenye soketi ya chumba cha mama.

"Mkitaka kuzigusa, zimeni na mchomoe kwanza," fundi rangi alisema, akabeba mpini wake.

Jioni, mama alibonyeza swichi mwenyewe. Mti ukang'aa, na chumba chote kikapata mwanga.

"Mama, za mwaka jana zilikuwa nzuri kuliko hizi?" aliuliza mwoka mikate.

"Sijui, mwanangu. Sikuzitazama. Kila nikigeukia dirisha, nilikuona umelala pale chini."

Mwoka mikate aliketi pembeni ya kitanda, akamshika mama yake mkono, wakatazama taa pamoja mpaka saa yake ya kwenda kukanda unga ikafika.