Boksi la Bakteria

"Nyegere, yuko ngazi za nyuma! Ana boksi!"

Redio ya Motorola ilikoroma sikioni. Nyegere akaupiga mlango teke, akashuka vidato vitatu vitatu, bastola ya Glock mkononi.

Mbele yake alikimbia mwizi aliyevaa koti la mfanya usafi, amekumbatia boksi la baridi. Ndani mlikuwa na chupa arobaini za bakteria wa utumbo, kazi ya miaka sita ya maabara ya hospitali. Ng'ambo kulikuwa na tajiri aliyezitaka kwa udi na uvumba.

Nyegere akalenga mguu.

Akaona wezi wawili badala ya mmoja.

Kijasho chembamba kikamtoka. Asubuhi alijidunga insulini, msako ukaanza kabla hajatia kitu tumboni. Sukari ilikuwa imeshuka.

"Mbona kimya?" Fundi, mwenzake aliyekuwa kwenye gari, aliuliza.

Miaka miwili Nyegere aliuficha ugonjwa huo kazini. Jasusi mzima, mgonjwa wa sukari! Wangemcheka.

"Namfuata," alisema, huku akiteleza ukutani mpaka chini.

Risasi ikalia nje.

"Amempiga mlinzi wa geti! Uko wapi wewe?"

Nyegere akafumba macho.

"Nimeanguka. Nina kisukari, Fundi. Mzibie njia."

Land Cruiser ikanguruma. Chuma kikagonga chuma.

"Nimemdaka. Boksi liko salama."

Maabarani, mtafiti mkuu, mama wa makamo, alimnywesha juisi kama mtoto. Kisha akakagua chupa.

"Wako hai."

"Wanafanya nini hasa?"

"Wanachachusha makapi ya chakula tumboni, wanatoa vitu vinavyousaidia mwili kuitikia insulini. Si tiba, mwanangu, bado tunajaribu. Ila wagonjwa wetu kadhaa sukari imetulia kidogo. Ungekuja."

"Niliona haya."

"Kumwonea nani?"

Simu ikaita. Mkuu wake.

"Fomu zako za afya ninazo hapa. Zote mbili zinasema huna ugonjwa wowote."

"Nilidanganya, mkuu. Bastola namwachia Fundi."

Akatoa magazini ya risasi, akaiweka Glock mezani, akanyoosha koti. Akatembea taratibu hadi wodi ya majeruhi.

Mlinzi alikuwa macho, bega limefungwa bandeji.

"Redioni ulisema unamfuata," alisema. "Nikajua uko nyuma yake. Ndiyo maana nikatoka kumzuia."

"Sikuwa nyuma yake, kaka. Nilikuwa nimekaa chini."

Mlinzi akageukia ukutani. Nyegere akavuta kiti, akakaa.