Aliyeziba Ndiva

Mzee Zebedayo, mlinzi wa maji, alikutwa kifudifudi kwenye tope la ukingo wa ndiva, bwawa la udongo linalomwagilia mashamba ya Suji. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Miguu ilikuwa mitupu.

Buti zake zilikutwa miguuni mwa Kurwa, kibarua aliyepanda mlimani baada ya shamba la mkonge kufungwa.

"Marehemu hakuwa na safari tena, afande," Kurwa alijitetea, pingu mikononi. "Nilimkuta kishakufa."

"Ukaazima buti zake."

"Huu mwaka wa pili natembea peku."

Inspekta Respicius alizitazama raba zake mwenyewe, zilizofungwa kwa waya. Alikuwa amepanda kwa miguu kutoka barabara kuu. Landrova ya kituo ilikuwa na kila kitu isipokuwa petroli. Amri ya mkubwa wake ilikuwa fupi: mtuhumiwa yupo, mlete leo. Kosa lenyewe la kitanzi.

"Mpeleke tu," alisema Asheri, mwenyekiti wa kijiji. "Hawa watu wa mkonge tunawajua."

Respicius aliingia topeni hadi kwenye tundu la kutolea maji. Lilikuwa limezibwa, likashindiliwa udongo sawasawa.

"Nani kaziba hapa?"

"Tulikuta hivyo hivyo."

"Na mfereji umelowa. Maji yalifunguliwa alfajiri, yakazibwa tena. Kurwa, tuseme umeua mtu, maji yanamwagika. Unafanya nini?"

"Nakimbia, afande!"

"Wewe, mwenyekiti?"

"Naziba kwanza. Maji ya watu wote hayaachwi yapotee." Asheri akazitazama pingu za Kurwa.

Respicius alichimbua udongo kidogo. Kikatokeza kipande cha kanga ya bluu yenye michoro ya korosho.

Hakuhitaji maabara. Mwaka huo duka la ushirika liliuza viberiti na matumaini, na viberiti vilikuwa vimekwisha. Aliyechana kanga yake angeivaa hivyo hivyo.

Walimkuta Kaanaeli, mjane mwenye zamu ya maji siku hiyo, katikati ya mahindi yaliyojikunja kwa kiu. Kanga ya bluu kiunoni mwake ilikuwa imepungua pembe.

"Pole na kazi, mama."

"Kazi gani, afande? Nalinda mabua."

Respicius alikiweka kipande kwenye pembe ile. Kikakaa mahali pake.

Kaanaeli alikaa chini.

"Nimesubiri zamu siku kumi na nne. Nikafungua. Zebedayo akaja, akasema zamu yangu kampa yule tajiri wa nyanya wa Hedaru, kwa gunia la sukari. Eti siku hizi biashara huria. Nikamuuliza, wanangu wale nini? Akacheka, akasema wale nyanya. Akanipa kisogo. Jembe lilikuwa mkononi."

"Kwa nini hukukimbia?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Maji yalikuwa yanapotea. Kesho zamu ya kina Asheri. Wao wamenikosea nini?"

Asheri aliinamisha kichwa.

Pingu zilikuwa jozi moja. Respicius alizitoa kwa Kurwa, akamfunga Kaanaeli, akachukua na zile buti kuwa kielelezo.

"Leo bado ni zamu yangu," Kaanaeli alisema. "Hadi jua lizame."

Kurwa, peku kama alivyokuja, akapanda peke yake kuelekea ndivani.

Walikuwa wanashuka maji yalipowapita mferejini, machafu, yakikimbilia mahindi. Kaanaeli alisimama kuyatazama.

Respicius naye akasimama, akainama, akajifanya anakaza waya wa raba yake.