Ukarimu Unasomewa Wapi?

— Nani alikuruhusu kuchezea fomu yangu?

Dada wa mapokezi alisimama katikati ya sebule yake, sare ya hoteli bado mwilini, simu mkononi. Mchumba wake, afisa mikopo wa benki, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi anatafuna karanga.

— Salamu kwanza, mama.

— Sina salamu. Soma!

Ulikuwa ujumbe wa chuo: "Hongera. Umechaguliwa kusoma Shahada ya Uzamili ya Biashara, mchepuo wa Benki. Mwisho wa kubadili mchepuo ni leo saa kumi jioni."

Benki! Miaka sita alikuwa amebeba matusi ya wageni, anaota siku moja kuiongoza hoteli. Alilinganisha vyuo vinne mpaka akapata mchepuo wa biashara ya hoteli, ule wanaouita Ukarimu. Mchumba akajitolea kumjazia fomu kwenye kompyuta ya ofisini.

— Nilikwambia Ukarimu!

— Nimekuokoa. Jamani, ukarimu nao unasomewa? Bibi yangu alikuwa mkarimu na hakumaliza hata darasa la nne!

— Usinichekeshe, nina hasira.

— Benki utakaa kwenye kiti chako, jioni uko nyumbani. Hotelini je? Kuwachekea wanaume wenye masanduku? Mke wangu, hapana.

— Wewe ulinipata wapi?

Jamaa akaacha kutafuna.

— Nakuuliza wewe! Ulinipata wapi?

— Mapokezi.

— Na sanduku lako! Siku tatu unashuka kuulizia taulo, na taulo zimejaa chumbani. Nikikuchekea wewe ni mapenzi, nikiwachekea wengine ni umalaya?

— Sijasema hivyo.

— Hujasema, umejaza kwenye fomu!

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

— Nipe nywila nibadilishe.

— Punguza munkari. Tutaongea kesho.

— Kesho wameshafunga, na unajua.

— Ndiyo maana nasema kesho.

Hapo ndipo roho ilipomuuma. Kumbe si ujinga wa mapenzi, mtu alikuwa anavizia saa zipite! Akapiga simu chuoni, akaweka spika.

— Ofisi ya udahili.

— Shikamoo mama. Kuna mtu alinijazia fomu, akanibadilishia mchepuo.

— Marahaba. Nitajie namba ya fomu.

Akaitaja.

— Mbona barua pepe iliyopo hapa ina jina la kiume?

— Ni ya mchumba wangu.

— Makubwa! Anayesoma ni wewe au yeye?

— Ni mimi, mama.

— Basi lete kitambulisho na miguu yako kabla ya saa kumi. Nakusubiri.

Alipochukua mkoba, jamaa akaruka kochini.

— Ukitoka hapo mlangoni, harusi hakuna!

Alitamani kumtupia sahani ya karanga. Badala yake akasimama wima, akavaa lile tabasamu la kazini, mkono ameunyoosha.

— Muda wako wa kukaa umekwisha, mgeni wetu. Naomba funguo ya nyumba yangu.

— Unanitania?

— Asante kwa kukaa nasi. Funguo!

Jamaa aliitoa mfukoni polepole, akamkabidhi.

Saa kumi kasoro dakika nane, kwenye ofisi ya udahili, dada wa mapokezi aliandika "Ukarimu" kwa mkono wake mwenyewe, kalamu karibu itoboe karatasi. Simu ikatetemeka mezani.

"Nisamehe mpenzi. Nirudi lini?"

Akajibu kabla hajatia saini:

"Samahani. Vyumba vimejaa."