Pakiti Tupu za Siku ya Soko

Huku kwetu juu ya Kikatiti, si kila mtu hushuka siku ya soko. Wanaoshuka hubeba ndizi. Wanaobaki huagiza. Mmoja huagiza chumvi, mwingine sabuni, mwingine kiberiti. Hata dawa tulikuwa tunaagiza. Unachukua pakiti tupu, unampa anayeshuka, naye anaifunga kwenye pindo la kanga. Jioni anarudi na pakiti iliyojaa. Tulijisifu kwamba tunasaidiana.

Anaeli, ambaye tumezoea kumwita Mama Eliud, alikuwa akituma pakiti mbili. Moja ya dawa ya usingizi, nyingine ya dawa ya kichwa. Mbebaji wake alikuwa Maria, jirani wa ng'ambo ya mfereji. Kwa miaka mitatu Maria hakusahau hata mara moja. Muuza dawa naye hakuuliza hata mara moja.

Dawa hizo Anaeli aliandikiwa na daktari baada ya kumzika mumewe, Dismasi. Wakati ule alikuwa hapati usingizi, na kichwa kilimgonga mchana kutwa. Daktari alimwambia atumie siku kumi na nne, kisha arudi. Zilimsaidia kweli. Na kwa kuwa zilimsaidia, hakuona sababu ya kurudi.

Aliishi na mjukuu wake Nosim, mtoto wa miaka minne. Wazazi wa Nosim walikuwa wakifanya kazi mjini, wamepanga chumba Kijenge. Kila asubuhi Nosim ndiye aliyemwamsha bibi yake. Alimtikisa bega. Bibi asipoamka, alimfunua kope kwa vidole vyake vidogo.

"Bibi, amka. Ng'ombe analia."

Anaeli aliamka na kichwa kizito, miguu ikiyumba. Kabla ya kukamua alishameza kidonge cha kichwa. Mchana alimeza kingine.

"Ni uzee," alisema.

Uzee gani wa miaka hamsini na sita?

Asubuhi moja alibandika maziwa jikoni, akaketi kwenye kigoda kuyasubiri. Usingizi ukamchukua. Maziwa yakaanza kufurika. Nosim alimtikisa bibi yake, bibi hakuamka. Basi mtoto akajaribu kuipua sufuria mwenyewe.

Maria alisikia kile kilio akiwa ng'ambo ya mfereji.

Mkono wa Nosim uliungua kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Kwenye kituo cha afya, muuguzi Elinipa aliusafisha na kuufunga. Jioni ile Eliud, baba yake Nosim, akafika kutoka mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Eliud aliutazama mkono wa mtoto. "Mama, sikulaumu. Lakini Nosim nitaondoka naye."

"Nilisinzia kidogo tu, baba."

"Saa tatu asubuhi, mama? Na moto unawaka?"

Anaeli akauliza: "Utamrudisha lini?"

"Siku nitakapoona yuko salama hapa."

Waliondoka. Anaeli alilia kwa uchungu na aibu. Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine. Kisha akachukua vidonge vyote, akaenda kuvitupa chooni.

"Vimeniponza," alisema. "Sitavigusa tena."

Utasema amefanya vema. Hapana. Siku ya tatu mikono ilimtetemeka hata akashindwa kushika kikombe. Jasho lilimtoka, moyo ulimwenda mbio, usingizi haukuja kabisa. Kichwa kilimuuma kuliko siku zote. Maria alipomkuta katika hali hiyo, alimshika mkono wakashuka hadi kwa Elinipa.

Elinipa alimpima presha, akamketisha.

"Mama, unatumia dawa gani?"

"Nilikuwa natumia za usingizi na za kichwa. Nimezitupa."

"Zote kwa mara moja?"

"Zote."

"Pole sana, mama. Hiyo ni hatari. Mwili ukishaizoea dawa ya usingizi, ukiikata ghafla unahangaika. Wengine hupata hata degedege. Uliandikiwa ya muda gani?"

"Wiki mbili."

"Ukatumia muda gani?"

"Miaka mitatu."

Elinipa aliweka kalamu chini. "Na miaka yote hiyo ni nani alikuwa anakupima?"

Anaeli alimtazama Maria. Maria alitazama sakafu.

"Mimi nilikuwa napeleka pakiti," Maria alisema. "Za nyumba nne. Muuza dawa anasoma jina la dawa, ananipa."

"Pakiti haipimwi presha, dada. Pakiti haina figo. Wala haiwezi kumwambia muuza dawa kwamba mwenyewe anasinzia mbele ya moto."

Anaeli alijifuta macho. "Na hizi za kichwa? Hizi si za kawaida tu?"

"Ulikuwa unameza mara ngapi?"

"Kila siku. Mara mbili."

"Ndiyo maana hukupona. Dawa ya maumivu ukiitumia karibu kila siku kwa miezi, yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Unameza, yanatulia, yanarudi, unameza tena. Na baadhi ya dawa hizo huchubua tumbo na kuumiza figo."

"Kumbe daktari alinipa sumu?"

"Hapana, mama. Ilikuwa dawa nzuri kwa siku zake. Ubaya ni kuipitisha siku zake bila kurudi kuonwa." Elinipa alisogeza kiti. "Tangu msiba wa Baba Eliud, umezungumza na nani?"

"Sijazungumza na mtu. Nilikuwa nameza, nalala."

Daktari alimwona siku hiyohiyo, akampima damu na mkojo. Dawa ya usingizi alimrudishia, lakini kwa mpango. Kipimo kingepunguzwa kidogo kidogo, na kila wiki mbili angerudi yeye mwenyewe. Dawa za maumivu aliambiwa aziache. Daktari alimwonya kwamba kichwa kitamsumbua zaidi majuma ya mwanzo, kisha kitatulia. Akamkataza pia kulala mchana na kunywa kahawa jioni.

"Mimi mkulima wa kahawa nisinywe kahawa?"

"Kunywa asubuhi, mama. Ya jioni waachie wanunuzi."

Anaeli alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu Nosim aondoke.

Haikuwa kazi rahisi. Ilichukua miezi mitano. Kuna majuma aliyotaka kutuma pakiti tena. Siku hizo Maria alikuja jioni, wakakaa wakamzungumzia Dismasi. Anaeli alimlilia mumewe kama mtu aliyefiwa jana. Polepole usingizi ukaanza kuja wenyewe. Kichwa kikawa chepesi.

Maria bado anatubebea chumvi na sabuni. Pakiti za dawa amezikataa. Anayetaka dawa anashuka naye.

Mwezi wa sita tangu waondoke, Eliud alikuja na Nosim. Kovu lilionekana wazi mkononi mwa mtoto. Eliud alikaa siku mbili, akimwangalia mama yake.

Asubuhi ya pili Nosim aliamka akakimbilia kitandani kwa bibi yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Akaenda jikoni. Anaeli alikuwa amesimama, ng'ombe amekamuliwa, maziwa yameshaipuliwa.

"Bibi, nani amekuamsha?"

"Nimeamka mwenyewe, mama."

Eliud alikuwa mlangoni, akasikia. Mchana alirudi mjini peke yake.