Sema Hujui Kusoma

Mteja mwingine alikuja kuchukua kitambaa chake. Kilikuwa hakijashonwa bado.

"Nirudishie tu, fundi. Nimeghairi."

Fundi cherehani alikikunja, akampa. Hakuuliza sababu. Kijiji kizima kiliijua. Fundi mwenyewe, mwanamke, alikuwa anagombea udiwani, tena kwa maneno ya kuudhi wakubwa: mjane asifukuzwe kwenye shamba la marehemu mumewe, na msichana asiachishwe shule ili aolewe. Ehe! Kusema hayo pale ni kuchokoza nyuki.

Na nyuki walishatoka. Juzi mawe yalitua kwenye bati la nyumba yake, yeye na mumewe wakiwa wanakula. Tangu siku hiyo, mlango ukigongwa tu, moyo unamruka. Mumewe alimsihi ajitoe. Angegomba, angemjibu. Lakini alisihi, na hilo lilimtisha zaidi.

Mara mama mkwe wake akaingia, anahema.

"Mkwe wangu, mambo yameharibika. Kauli Moja anapita nyumba kwa nyumba."

Kauli Moja ndiye tajiri wa mashamba. Akisema, kimesemwa. Diwani wa siku zote alikuwa mpwa wake, naye aligombea tena.

"Anasemaje, mama?"

"Wanawake tukifika kituo cha kura, tuseme hatujui kusoma. Mpambe wake atatuwekea alama kwenye karatasi. Atakayekataa, atajulikana."

"Lakini wewe unajua! Si umehitimu darasa la watu wazima?"

"Najua, ndiyo. Ila shamba langu limepakana na lake, na tangu baba yenu afariki analinyemelea. Akilichukua, nitakula nini? Halafu, mwanangu, hata hayo maneno yako siyapendi yote."

Hofu ikamtoa fundi busara.

"Basi na mimi nitawaapisha. Kila mwanamke aniapie kwamba atanipigia mimi!"

"Thubutu!"

Aliyesema hivyo ni jirani yao, karani wa uchaguzi. Alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri sketi yake itiwe zipu.

"Ukiwaapisha, wewe na Kauli Moja mtatofautiana nini? Kura ni siri. Siri kwake, siri na kwako. Mimi sina upande, nawaambia sheria tu."

Fundi aliona aibu, akainamia cherehani. Karani akamgeukia mama mkwe.

"Bibi, unaingia peke yako nyuma ya kizuizi. Karatasi ina majina na picha. Unaweka alama, unaikunja, unaitumbukiza sandukuni. Jina lako halimo. Zikishachanganyika, hata mimi siijui yako."

"Na asiyejua kusoma kweli?"

"Anachagua mwenyewe mtu anayemwamini. Hapangiwi. Akilazimishwa, amwambie msimamizi wa kituo. Na wewe fundi, yale mawe umeripoti polisi?"

"Naogopa."

"Ogopa, lakini ripoti. Ukikaa kimya watarudi."

Akaripoti, mumewe akiwa kando yake. Kisha akapita kwa wanawake na neno moja: "Mpigie umtakaye, ila piga mwenyewe." Kila alipolisema aliogopa. Je, wakimpigia yule mwingine?

Siku ya kura ikafika. Mpambe wa Kauli Moja alisimama karibu na meza. Wanawake wa mbele walisema kwa sauti ndogo, "Sijui kusoma," naye akaingia nao mmoja mmoja. Fundi alikuwa kwenye foleni, akitazama. Mbele yake alikuwa mama mkwe.

"Bibi, unahitaji kusaidiwa?" msimamizi aliuliza.

Mpambe akasogea. Mama mkwe akamtazama.

"Najua kusoma," alisema polepole. Kisha akapaza sauti. "Najua kusoma! Nitapiga mwenyewe. Na huyu bwana arudi nyuma, ananipumulia shingoni!"

Watu wakacheka. Msimamizi akamwuliza mpambe, "Hao wengine walikuchagua wao?" Akababaika. Akatolewa nje.

"Mimi pia najua," alisema mwanamke aliyefuata. Na mwingine. Na mwingine.

"Mimi sijui hata a," alisema ajuza mmoja, "ila nitasaidiwa na binti yangu, si na bwana wa watu."

Fundi alishinda kwa tofauti ya kura chache. Kesho yake Kauli Moja alimsimamisha mama mkwe njiani.

"Ulimpigia nani?"

Mama mkwe aliogopa. Hata hivyo akajibu, "Kura ni siri, jirani."

Kauli Moja alitazama wanawake waliokuwa wakipita. Angemwadhibu nani, naye hajui nani kampigia nani? Akaondoka zake.

Jioni fundi alipakua chakula. Alikuwa na swali lilelile la Kauli Moja. Alimtazama mama mkwe wake, akafungua mdomo.

"Mama..."

"Eeh?"

Akachukua upawa.

"Nikuongeze mboga?"

Mama mkwe alicheka mpaka akapaliwa.

"Niongeze, diwani."