Ukurasa wa Tisa wa Mwambire

Meza ya Nyevu ilikuwa ndogo. Kila asubuhi aliiweka mbele ya nyumba yao, mtaa wa Barani, Malindi, akapanga juu yake jiko la mafuta ya taa, karai la viazi na sahani za wateja. Mumewe, Phineas Mwambire, alizoea kunywa chai kando ya meza hiyo kabla ya kwenda kazini. Jumatano hiyo hakuigusa.

"Baba Karisa, chai imepoa."

"Nimeiona."

"Kuiona si kuinywa. Ni ile mashine tena?"

Mwambire aliinamisha kichwa kukubali. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpiga taipu katika duka la karatasi la Bhikhubhai. Kazi hiyo aliisomea madarasa ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kubeba magunia, na cheti chake kilikuwa kimetundikwa ukutani. Mwaka huo, 1987, yeye mwenyewe ndiye aliyemshauri tajiri wake auze taipureta zote mbili, anunue kompyuta iliyokwisha kutumika katika hoteli moja ya Bofa, Kilifi.

Sasa alikuwa na mtihani wa majaribio wa darasa la nane, wa shule za Kakuyuni. Karatasi ya Hesabu ilikuwa tayari. Karatasi ya Kiswahili ilikuwa na kurasa kumi na nne, na kila alipofika ukurasa wa tisa mashine ilikataa herufi. Kioo chake kiliandika kwa Kiingereza kwamba kumbukumbu imejaa.

Bhikhubhai alikuwa amekwisha kusema. "Bwana Mwambire, Ijumaa walimu wakija wakakosa mtihani, kazi inakwenda Mombasa. Mashine nitauza. Na mpiga taipu asiye na mashine nimweke wapi, kwenye rafu?"

Nyevu aligeuza viazi. "Muulize Easter. Mashine hiyo aliitumia miaka mitatu kule hotelini."

Easter Musyoka alikuwa jirani yao, mpangaji wa chumba cha pili, karani aliyehamia Malindi mwaka huo kutoka hoteli hiyo ya Bofa.

"Nimuulize Easter? Alipozaliwa, mimi nilikuwa napiga taipu bila kutazama vidole."

"Basi kapige na huo ukurasa wa tisa bila kuutazama."

Mwambire akaondoka bila kuaga.

Dukani aliketi mbele ya kompyuta. Aliwaza hivi: kitu kikijaa hupunguzwa. Ndivyo alivyokuwa akifanya. Jumatatu alifuta katika diski barua zote za wauzaji wa karatasi. Jumanne alifuta orodha ya wateja. Mashine ilikataa vilevile. Kilichobaki ndani ya diski, mbali na zile kurasa za Kiswahili, ni karatasi ya Hesabu, kazi ya siku nne, ambayo ilikuwa haijachapishwa hata nakala moja.

Mpaka saa sita mchana alikuwa amejaribu mara tatu zaidi, na mara tatu amekwama palepale. Alisema moyoni kwamba Hesabu ataipiga upya, hata kama hatalala. Akaandika amri ya kufuta. Kidole kikabaki juu ya kitufe cha mwisho.

"Shikamoo, mzee."

Easter alikuwa mlangoni, ameshika kifurushi cha gazeti chenye viazi.

"Marahaba. Umetumwa na mama Karisa?"

"Nimetumwa viazi tu." Akasogea, akasoma kioo. "Mzee, unafuta nini?"

"Hesabu. Kumbukumbu imejaa."

"Tafadhali, toa mkono hapo."

Alisema kwa upole, lakini Mwambire alitoa mkono kama aliyeunguzwa. Easter akaifuta ile amri, akavuta kiti.

"Meza ya mama Karisa unaijua?"

"Nanywea chai pale kila siku."

"Akiweka juu yake jiko la arusi na sufuria la pilau, sahani za wateja atazipanga wapi?"

"Hazitapata nafasi."

"Je, akienda ndani akaimwaga stoo yote, meza itapanuka?"

"Haitapanuka."

"Diski ndiyo stoo. Kazi hukaa humo hata mashine ikizimwa. Kumbukumbu ndiyo meza, mahali pa kufanyia kazi wakati huu. Wewe umekuwa ukimwaga stoo, na kilichojaa ni meza."

"Imejazwa na nini? Kurasa tisa tu?"

"Na programu yenyewe ya kuandikia. Umeipata wapi?"

"Mpwa wa Bhikhubhai aliileta kutoka Nairobi. Ndiyo kubwa kuliko zote. Inachora picha, inasahihisha Kiingereza."

"Unapiga mtihani wa Kiswahili, mzee. Utasahihishiwa Kiingereza gani?"

Mwambire alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka kidogo.

Easter alichukua kalamu. Mashine hiyo ilikuwa na kilobaiti mia mbili hamsini na sita za kumbukumbu, yaani huo ndio upana wa meza. Arobaini zilichukuliwa na kazi ya kuiamsha mashine. Programu kubwa ilichukua mia mbili. Zilibaki kumi na sita.

"Kumi na sita ni kurasa ngapi?"

"Nane na kidogo," alisema Mwambire polepole.

"Kwa hiyo mashine haina ubovu. Ile diski ya buluu iliyokuja nayo iko wapi?"

"Ile nyepesi? Niliiona ya kitoto. Iko kwenye droo ya stempu."

"Hiyo inakula sitini tu. Haichori. Inaandika, inahifadhi, inachapisha. Wewe unataka nini zaidi?"

Mwambire alifungua droo haraka.

"Ngoja," Easter alimzuia. "Kwanza tunakili Hesabu na Kiswahili kwenye diski nyingine. Usibadilishe kitu kabla ya kuwa na nakala."

Waliponakili, wakafungua programu nyepesi. Mistari ya chini ya vichwa ilipotea, ikabidi Mwambire aiweke upya. Maneno yote yalikuwapo. Akaendelea kupiga. Alipokaribia mwisho wa ukurasa wa tisa vidole vyake vilipunguza mwendo, na Easter akaacha kutafuna kiazi. Ukapita. Wa kumi ukapita.

"Kula viazi, mzee, vimepoa," alisema Easter, akarudi kazini kwake.

Alhamisi alasiri karatasi zote mbili zilikuwa mezani kwa Bhikhubhai. Mwambire hakuondoka. Alisimama akamwambia kuhusu barua na orodha alizofuta, ambazo hazingerudi.

Bhikhubhai alifunua mtihani ukurasa kwa ukurasa hadi wa kumi na nne. "Orodha utaandika upya," alisema. "Safari hii weka nakala mbili."

Jumatatu asubuhi, wakati watoto wa Kakuyuni wakifungua karatasi zao, Easter alipita mbele ya meza ya Nyevu.

"Mwalimu Easter, umeamkaje?" Mwambire alimtangulia kumsalimu.

Kisha akakigeuza kikombe chake, kikavu, akamwonyesha mkewe.

"Mama Karisa, kuna kingine?"